Jina la Rubani kwenye Jiwe la Tyrsky

Barua ya rais wa Finland sasa iko ndani ya kioo hapa kisiwani, na wataalamu hutoka mji mkuu, Helsinki, kuja kuitazama, kwa sababu rais yule hakuwa mtu wa kushika kalamu. Barua zake zilipigwa taipu na makarani. Hii aliiandika kwa mkono wake. Wataalamu hustaajabia mwandiko. Sisi wa kisiwani tunajivunia mwanamke aliyeandikiwa.

Lempi Kallioluoto alikuwa mke wa Taavetti, rubani wetu, mtu wa kupanda meli za wageni na kuzipitisha salama kati ya miamba. Vuli moja manowari Tyrsky ilimchukua, dhoruba ikaizamisha, asirudi hata mtu mmoja. Mwaka uliofuata ikaundwa kamati ya jiwe la kumbukumbu. Mwenyekiti alikuwa Oskari Vainionpää, mwenye duka, ambaye mlango wake ulitazamana na wa Lempi. Majina ya mabaharia yakachongwa, la Taavetti likakosekana.

Sasa, sisi ni watu wa ajabu. Tunaweza kukaa sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke, jioni nzima bila neno, kisha tukarudi nyumbani tukisifu mazungumzo. Basi Lempi naye akanyamaza. Moyoni aliamini kijiji kinamlaumu mumewe, kwamba ndiye aliyeigongesha meli mwambani. Kila alipokwenda kununua kahawa kwa Oskari alisema habari za asubuhi, akalipa, akaondoka. Alitaka kitu kimoja tu: siku ya kuzindua jiwe, jina la Taavetti lisomwe pamoja na ya wenzake. Na siku hiyo ilikuwa inakaribia.

Kuvuka barabara amuulize jirani kulimshinda. Kumwandikia rais wa nchi hakukumshinda.

Jibu lilipofika alilisoma amesimama jikoni, aproni ingali na unga. “Mama Lempi,” rais aliandika, “nimeuliza. Mumeo ameachiwa nafasi kwenye jiwe, juu kabisa, kando ya nahodha. Kamati haikutaka kumchonga mtu wa kisiwani bila idhini ya mjane wake, na hakuna aliyethubutu kukuuliza. Nimeandika mwenyewe maana jambo hili si la makarani. Nakuomba uvuke barabara.”

Lempi akavuka vivyo hivyo, na unga wake kwenye aproni.

“Bwana Oskari! Hivi ulimi unao, au uliuuza pamoja na samaki wa chumvi?”

Oskari akaiva uso. “Kuna nini tena, Mama Lempi?”

“Nafasi ya Taavetti! Mwaka mzima nanunua kahawa kwako, unanipimia tu kimya!”

“Nilikuwa nangoja useme wewe. Nikikutazama umenuna, nikajua hutaki.”

“Uso wangu ndivyo ulivyo!”

“Sasa mimi ningejuaje?”

Lempi akashika ukingo wa meza, maana swali lililobaki ndilo lililokuwa zito. “Niambie kweli. Mnasema yeye ndiye aliyeizamisha?”

Oskari akaweka mizani chini. “Nani kakwambia upuuzi huo? Bahari imechafuka, meli inaomba rubani, naye akaenda. Nani mwingine angekwenda? Mimi? Upepo ukivuma kidogo tu naogopa hata kwenda kisimani.”

Lempi akacheka, na kicheko kikageuka kilio palepale mbele ya wateja, jambo ambalo duka lile halikuwahi kuliona. Kisha akajifuta machozi. “Basi mchongeni. Herufi ziwe kubwa.”

Siku ya uzinduzi kijiji kizima kilisimama ufukweni, wajane mbele, kimya kama kawaida yetu. Afisa wa jeshi la majini akafungua karatasi. Akasoma jina la nahodha, kisha akaendelea: “Rubani Taavetti Kallioluoto.”

“Yupo!” Lempi akaitika, kama baharia anayeitwa kwenye mahudhurio, kwa sauti iliyofika hadi kwenye mashua zilizotia nanga.

Watu wakageuka. Afisa akababaika, hakujua kama aendelee. Lempi hakuinamisha kichwa. Alisimama wima, amejaa fahari hadi machoni. Afisa akasoma jina lililofuata, la kijana fulani wa kutoka bara, na mama yake, ambaye tangu afike hakuwa amefungua kinywa, akaitika: “Yupo!”

Waliobaki wakaitikiwa wote, hadi wa mwisho.