Barua Alizozizuia Goreth

Kabla ya kufika Durban, Afrika Kusini, Goreth Nimbona alifundisha hesabu huko Gitega, Burundi. Sasa, katika chumba alichopanga mtaa wa Glenwood, alitunza seva moja ya barua pepe iliyobeba domeni saba, yaani majina ya anwani za makundi saba: ya kanisa, ya saluni, ya duka la simu, ya chama cha akina mama na nyinginezo. Kila domeni ilikuwa na orodha yake ya watumaji waliopigwa marufuku, na juu yake palikuwa na orodha kuu iliyozilinda zote.

Jumatatu alipigiwa simu na Huguette, mwenye saluni.

"Dada Goreth, iko mtu ananiandikia kila siku eti tuondoke nchi hii. Umufunge. Sitaki tena kumusoma."

Goreth akazifungia barua za mtu huyo, kwa saluni peke yake. Kesho yake barua ileile ikaingia duka la simu, kisha kanisani. Hapo akamtia kwenye orodha kuu. Watu wakapumua, wakamshukuru.

Lakini barua iliyokataliwa huacha nyayo. Seva huandika nani katuma na kamtumia nani, hata kama maneno yenyewe hayakuingia. Alhamisi asubuhi Goreth alisoma mistari hiyo. Mmoja ulikuwa wa barua iliyotumwa kwa anwani ya Marie-Louise, mwanachama mpya wa chama cha akina mama. Anwani hiyo Goreth aliifungua jana yake tu, ya herufi na tarakimu bila jina, na wengine walioijua ni Marie-Louise mwenyewe na Urbain, katibu wa chama aliyeiomba kwa niaba yake.

Akaondoa marufuku kwa anwani hiyo moja, akaelekeza barua za Marie-Louise zipitie kwake kwanza. Saa sita mchana barua ya yule mtu ikaingia. Haikuwa na tishio lolote. Ilitaja mtaa wa Marie-Louise huko Chatsworth, namba ya nyumba, na saa watoto wake wanapotoka shule.

Akampigia Marie-Louise simu. "Uko na nani hapo?"

"Na Urbain. Amekuja kunitengenezea kitasa."

"Usitaje jina langu. Sema unaenda kuchukua watoto. Ukishawapata usirudi, njoo kwangu."

Marie-Louise alifika na watoto wawili, bado wamevaa sare. Goreth alichapisha kila kitu, akapeleka polisi. Askari akaziweka karatasi chini ya mafaili mengine, akasema watapiga simu. Hawakupiga. Urbain naye alikuwa amehama, simu imezimwa.

Baada ya wiki Huguette aliuliza kama yule mtu ameacha.

"Ameacha," Goreth akajibu.

Kweli, kwenye seva hapakuwa na mstari wake hata mmoja, wala kitu kingine cha kumwonyesha Goreth mtu huyo yuko wapi. Goreth akaanza kutia komeo mlangoni mchana kweupe.