Wazee Walioninusa

Watu wa kwetu wana pua. Akili sina hakika nayo, lakini pua wanazo. Mtu wa upande wetu wa mlima Meru, chini ya msitu wa Olmotonyi, akipita tu nje ya boma lako asubuhi atakuambia kama jana palipikwa pombe yetu ya ndizi na ulezi, kama imeiva, na kama kuna iliyobaki. Kipaji hicho nusura kiniue, na wenye kipaji hawakuwahi kuona kuwa walikosea.

Nilipata kisukari nikiwa msichana, enzi za Mwingereza, wakati kwetu hata jina la ugonjwa wenyewe lilikuwa halijafika. Nilikunywa maji kama ng'ombe aliyetoka mbugani, nikaamka kukojoa usiku kucha, na nguo zikaanza kunivuka mwilini. Shangazi zangu walisema nimerogwa na mke wa baba mdogo. Mke wa baba mdogo akasema nina mimba. Baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alinipandisha kwenye lori la mbao lililokuwa likiteremka mjini, na hospitalini wakanipima mkojo, wakaniambia nina sukari, na kwamba nitachomwa sindano kila siku mpaka kufa kwangu.

Daktari alikuwa Mwingereza mwenye shingo nyekundu. Alizungumza na mkalimani, si na mimi, kana kwamba mimi ni ndama ambaye mkalimani amemleta kutibiwa. Akataja vyakula vyangu vipya: mkate wa ngano isiyokobolewa uliokatwa vipande vyembamba, samaki wa kuchemsha, na tufaha moja mchana. Mkalimani akayatafsiri yote hayo bila aibu yoyote, naye ni mtu wa kwetu, anajua kwamba siku hizo samaki kwetu hakuwa chakula, alikuwa mdudu wa majini. Niliitikia kila kitu. Nikarudi nyumbani nikajifunza mwenyewe ni kiasi gani cha ugali kinanifaa, na maziwa mgando yananifanya nini nikiyanywa kabla ya kulima na nikiyanywa baada ya kulima.

Maisha yangu yakawa na kazi zake. Asubuhi nachemsha sirinji ya kioo kwenye sufuria ndogo ambayo haipikiwi kitu kingine. Sindano ikiisha makali nainoa kwenye jiwe la kunolea kisu cha baba. Kisha naweka matone ya mkojo kwenye kichupa chenye dawa ya bluu, nakishika juu ya moto kwa kibanio cha kuni, nangoja. Ikibaki bluu, nashukuru. Ikigeuka rangi ya tofali, najua siku yangu imeharibika kabla haijaanza. Chupa ya insulini ilikaa kwenye chungu cha maji ya mfereji, kwenye kona yenye giza. Majirani walikuwa wakija kuona mkojo ukipikwa. Wanawake wazima, wenye mashamba yenye magugu, wanakaa jikoni kwetu kubishana kama leo ni kijani au ni manjano. Mmoja aliniuliza kama mkojo huo baadaye tunautia kwenye chai, maana amesikia una sukari. Nilimjibu kwamba wa kwake tu ndio tunaoutafuta.

Kisha akaja mchumba. Alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, kijana wa kuvaa soksi ndefu mpaka magotini hata kwenye vumbi la Januari, na wasichana wote wa usharika walizijua soksi zile. Mimi nilimpenda, sitasema uongo. Kabla wazee wao hawajaleta asali ya uchumba, nilimwita pembeni nikamwonyesha sirinji na nikamweleza kila kitu. Alisema Mungu ni mwema. Akaniomba jambo moja tu, kwamba mama yake asiambiwe mpaka tutakapokwisha kuoana, kwa sababu mama ni mkali na hataki mkwe dhaifu. Niliona ombi hilo kuwa dogo. Asali ikaja, watu wakaila wakaisifu, nami nikakaa pale nikiitazama.

Ndoa ilipaswa kutangazwa kanisani Jumapili tatu. Ikatangazwa ya kwanza, ikatangazwa ya pili, na katikati ya ya pili na ya tatu insulini yangu ikaisha. Nilikwenda mjini, nikaambiwa dawa haijafika, nirudi wiki ijayo. Wiki ijayo kwa mtu wa kisukari cha namna yangu ni maneno ya kumwambia maiti. Mwili ukikosa ile dawa hauwezi kuitumia sukari, basi unaanza kula mafuta yake wenyewe, na pumzi inatoka na harufu tamu, nzito, ya matunda yaliyopitiliza. Kama umezaliwa kwenye migomba utasema ni ndizi zilizofukiwa shimoni zikasahauliwa.

Jumapili ile nilitapika njiani mara mbili, lakini nilikwenda. Bibi harusi kukosekana siku ya tangazo la mwisho ni kuwapa watu chakula cha mwezi mzima. Nilikaa upande wa wanawake nikihema kama niliyepanda mlima. Mzee wa kanisa aliyekuwa akipitisha kapu la sadaka alifika kwangu, akasimama, akainama, akanusa. Akamwita mwenzake kwa kidole. Mwenzake akaja akanusa pia, macho akiyafumba.

"Ndizi," akasema yule wa kwanza.

"Na ulezi kidogo," akasema wa pili.

Mtu anayeweza kuonja ulezi kwa pua, kwenye pumzi ya msichana, katikati ya wimbo, hakujifunzia hilo kwenye Katekisimo. Wote wawili niliwahi kuwaona wakitoka kwa mpika pombe wa ng'ambo ya mfereji, wamejifunika mablanketi mpaka puani. Lakini nyani haoni kundule. Tangazo letu halikusomwa, na baada ya ibada nikaitwa kwenye chumba cha nyuma ya kanisa, ambako wazee wanne walikuwa wamekwisha kukaa na nyuso za hukumu.

Niliwaambia naumwa. Wakasema hakuna mlevi asiyeumwa. Niliomba maji, wakatazamana, kwa kuwa kiu nayo ni dalili wanayoijua vizuri. Nilipoyumba wakaandika moyoni kwamba nimeyumba. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini mlevi anahema hivyo, au kwa nini midomo yake imekauka kama gome. Niseme wazi kwamba walikuwa wajinga, na ujinga wao haukuwa wa kukosa shule. Baba alikuwa nje akibisha mlango. Mimi nilimtaja mwalimu. Nilisema aitwe, yeye anajua.

Wakamwita. Akaingia na soksi zake. Wakamwambia aninuse mwenyewe, maana yeye ndiye mwenye kuoa. Akasogea karibu mpaka nikauona mkunjo wa kola yake, akavuta pumzi, kisha akanitazama machoni. Alijua. Nilimwona akijua. Sirinji ile aliwahi kuishika kwa mikono yake.

"Wazee," akasema, "ni pombe."

Baada ya hapo sikumbuki vizuri. Naambiwa nilianguka, na baba akauvunja mlango akanibeba begani hadi barabarani, akasimamisha lori kwa kusimama mbele yake. Dawa ilikuwa imefika mjini siku ileile. Nilizinduka na mdomo wenye ladha ya shaba, baba amelala chini ya kitanda changu na viatu mguuni.

Mwalimu alikuja hospitalini kunitazama nilipoanza kuketi kitandani. Alileta machungwa, ambayo sikuruhusiwa kula. Nilidhani amekuja kuomba radhi, nikajiandaa kumsamehe, maana moyo ni kiungo kipumbavu. Kumbe alikuja na mpango. Alinieleza polepole, kama anavyoeleza hesabu kwa watoto. Mlevi hutubu. Anasimama mbele ya usharika Jumapili moja, anasema maneno machache, anarudishwa kundini, na mwezi unaofuata ndoa inafungwa. Amekwisha kusema na wazee, na mama yake ameambiwa kuhusu pombe na amekubali. Lakini ugonjwa usiopona hauna toba. Nani atamtangazia mama yake kwamba mkwe ana sindano ya milele?

"Tubu tu," akasema. "Sindano utajichoma kimyakimya nyuma ya nyumba. Nani atakuona?"

Ilinichukua muda kuelewa kwamba mtu huyu, ambaye nilitaka kumzalia watoto, alipendelea niwe mlevi. Mlevi alikuwa na nafuu kwake. Alikuwa amechagua ugonjwa wangu kama mtu anavyochagua kitambaa dukani, akachukua ule ambao hautamwaibisha.

Nyumbani wote walikuwa upande wake isipokuwa baba. Shangazi zangu walisema msichana wa kutoboliwa kila siku akipata mume mwenye mshahara anapaswa kupiga magoti. Uongo haugharimu chochote, walisema. Nikikataa, nitabaki mlevi aliyetengwa na kanisa, ng'ombe wa mahari watarudishwa, na hakuna boma lingine litakalopiga hodi. Nililijua hilo vizuri kuliko wao. Na bado nilimtaka, hilo ndilo lililoniudhi zaidi ya yote. Nilikuwa nikichemsha sirinji asubuhi na kufikiria ni wapi nyuma ya nyumba yake pangekuwa na kivuli.

Jumapili ya toba kanisa lilijaa kuliko Krismasi. Watu ambao hawakuja kumsikia Bwana walikuja kunisikia mimi. Nikaitwa mbele. Mzee wa ulezi akasimama kando yangu, karibu kidogo kuliko ilivyolazimu, nadhani akinusa. Akaniambia nirudie maneno baada yake: mimi mwenye dhambi, nimekunywa kilevi, nimeuaibisha usharika huu. Nilifumbua mdomo. Nikamwona mwalimu kwenye benchi la pili, ananiitikia kwa kichwa polepole kunitia moyo, kama kwa mtoto anayekaribia jibu.

"Mimi sijanywa pombe," nikasema. "Nina ugonjwa wa sukari, na mwalimu anaujua tangu kabla ya uchumba. Najichoma sindano kila asubuhi, na sitajificha kufanya hivyo."

Mwalimu akatoka kwa mlango wa wanaume. Wazee wakanong'onezana, na ndiyo, baadaye waliamua kwamba kukataa kutubu mbele ya madhabahu ni kosa la pili, wakaniongezea muda wa kutengwa. Sikutarajia zaidi kutoka kwao. Nilipotoka nje watu walinipisha kama mtu aliyebeba moto, nikapita katikati yao nikiitafuta barabara.

Nyuma ya kanisa mtu akaniita. Alikuwa mama yake mwalimu, yule mama mkali ambaye wote tulikuwa tukimwogopa kwa mbali. Nilikuwa sijawahi kusimama naye ana kwa ana. Akanisalimia "takwenya", salamu ya kwetu kwa mwanamke, nikaitika "iko", nikainamisha kichwa aniguse, kwa kuwa adabu ni adabu hata siku kama hiyo. Akaweka kiganja kichwani pangu na hakukiondoa.

"Aliniambia unakunywa," akasema. "Nikamwambia akuoe hivyo hivyo, nitakutunza mpaka uache. Angeniambia unaumwa, ningekuchemshia sindano mwenyewe."

Nililia hapo, sikulia popote pengine. Mkono wake ulikuwa mzito na wenye joto, na nilitamani ukae pale. Akaniuliza kama bado nitakuja kwao. Nilimwambia ningependa sana kuwa mkwe wake, ila hakuna njia ya kufika kwake isiyopitia kwa mwanawe.