Filimbi Ndani ya Dawa ya Panya

Nilimsikia dada yangu soko la Tala, kwenye tangazo la dawa ya panya. Na dada yangu tulishamzika.

Spika ilifungwa juu ya pikipiki ya muuzaji. “Panya, mende, kunguni, wote chini!” Nyuma ya hayo maneno ni dramu zangu, gitaa letu, na ile filimbi yake: mbili fupi, moja ndefu mpaka pumzi iishe. Hakuna mwingine aliyepuliza vile. Nikakaa chini kwa vumbi.

“Mzee, umeonja dawa yangu ama?” muuzaji akauliza. Watu wakacheka.

Wacha nirudi nyuma. Tulikuwa bendi ya roki, roki ngumu, hapa hapa Machakos. Shule mimi niliacha darasa la sita, lakini kupiga ngoma nilifunzwa na nyanya yangu, aliyepiga zile za kilumi, ngoma ya Wakamba ya kuombea mvua. Mdundo huo ndio nilipeleka kwa dramu. Dada aliimba kama mtu anayefukuza fisi, na kabla ya kiitikio lazima apulize filimbi ya wacheza ngoma. Mazoezi tulifanyia nyuma ya posho mill, kile kinu cha unga chenye kelele, sababu pale tu ndipo hakuna jirani wa kulalamika. Harusi moja walituzimia stima. Kanisani wakasema tuko na pepo.

Tulirekodi nyimbo zetu kwa studio moja ya mjini, mwenyewe amezoea kwaya. Akatuambia tungoje, azisafishe. Tukingoja, dada akaugua, akatuacha. Nikaenda kuomba hata wimbo mmoja wa mazishi.

“Pole sana, ndugu yangu. Kompyuta iliungua. Kila kitu kilienda.”

Hata sukari ya matanga alileta, huyo mtu. Nikamshukuru kwa mikono miwili. Tukazika mwimbaji bila wimbo wake.

Sasa pale Tala, miaka mingi baadaye, nikamuuliza muuzaji muziki ametoa wapi.

“Nilitengenezewa juzi, pale studio ya kwaya, mjini. Kulikuwa na mwanamke anapiga nduru humo, nikaambia jamaa amtoe ndio mimi nisikike.”

“Amtoe ama amfute?”

“Amtoe tu, mzee. Ako naye huko kwa kompyuta.”

Nilinunua pakiti mbili za dawa kwa furaha, na panya sina.

Siku hizi mazoezi yamerudi. Mpiga gitaa anatoka Athi River kila Jumapili, tumbo limemtangulia, vidole bado vikali. Anayeimba ni binti ya dada. Filimbi anayo, ni ile ya mama yake. Sauti ya mama hajawahi kusikia, aliachwa akinyonya.

Mwenye studio, jina sitaji, lakini unajijua, na mlango wako tunaujua. Jumatatu nakuja na huyu msichana. Mimi nitanyamaza. Mwangalie yeye machoni umwambie: siku ile ya matanga, ni kitu gani kiliungua?