Batri za Watu

Augustin, ndugu yangu mudogo, alikuwa anachaji batri za watu ndani ya kibanda chake hapa Nyakasanza, mutaa wa Bunia. Nilimubeba mugongoni angali mutoto, kwa hiyo mutu asinifundishe habari yake. Bunia ya vita haikuwa na umeme. Nyumba yenye redio ao taa ilileta kwake batri ya motokari, naye akaichaji na grupu, mashini yake ya mafuta.

Siku moja nilimuuliza volti ni kitu gani, maana aliitaja kila saa kama jina la muchumba. Akaniambia niwaze misa imeisha, watu wanatoka kanisani. Volti ni ile nguvu ya kusukumana kwa nyuma. Ampere ni wingi wa watu wanaopita mulangoni. Wati ni kazi inayotoka kwa vyote viwili, ndiyo taa inakula. Waya mwembamba ni mulango mudogo: wakipita wengi kupita kiasi, unapata moto, unaungua. Nilimuambia padri akimusikia atamufukuza kanisani. Alicheka sana.

Mwezi wa tano wa 2003 masasi ya bunduki yaliingia mutaani. Siye tulifunga mizigo kwenda upande wa Irumu. Wateja wake walikuwa wamekimbia mbele yetu, wakamuachia batri zao. Augustin akakataa kutoka. Batri ikikaa tupu muda murefu inakufa, hata uichaji haishike tena.

«Dada, watu watarudi. Wakute nimewaulia batri?»

«Na weye ukiuawa, nani atazichaji?»

«Nimalize hizi, nitawafuata.»

Nilimuvuta mukono mbele ya majirani. Alinishinda nguvu.

Barabarani watu walijaa, masasi yanatusukuma toka nyuma, na volti niliielewa kuliko alivyonieleza.

Tuliporudi, jirani yetu Hubert alikuwa ameisha kumuzika nyuma ya kibanda. Alisema mutaa wote ulikuwa kimya, grupu ya Augustin tu ndiyo ilisikika, na wenye bunduki walifuata sauti yake. Walibeba grupu na batri zote. Chini ilibaki asidi, imekula udongo.

Wateja walianza kurudi. Micheline, muuzaji wa samaki, alikuja wa kwanza, akauliza batri yake iko wapi. Nilimupeleka nyuma ya kibanda. Aliona udongo mupya, akavua kitambaa cha kichwa, akapiga magoti.

Wengine walipokuja kuuliza, ni yeye aliwapeleka kule. Mimi nilibaki nimekaa.