Fundi Bati Aliyekatazwa Jua

Makoye alikuwa fundi wa kuezeka. Alianzia kwao Bunda, akaezeka kanisa dogo kule Butiama, kisha akahamia Musoma, ambako nyumba nyingi mpya za Bweri zina bati alizozigonga yeye. Kazi yake yote ilikuwa juani. Daktari alipomwambia akae mbali na jua kwa majuma kadhaa, alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, ule uliokuwa bado mzima.

Saratani ilianzia chini ya ulimi. Walimpasua, wakampa mionzi, ikatulia. Mwaka uliofuata ikarudi palepale, na uvimbe mwingine ukatokea shingoni. Mionzi haikuwezekana tena, na kumpasua upya kungemwondolea ulimi. Katika hospitali moja ya Dar es Salaam madaktari walikuwa wakijaribu tiba ya mwanga. Walimchoma dawa mshipani, wakasubiri siku chache ikolee, wakamlaza usingizi na kumulika uvimbe kwa mwanga mwekundu ulioiamsha dawa iue saratani. Tatizo ni kwamba dawa ilibaki kwenye ngozi pia. Jua lingempata, angebabuka kama aliyemwagiwa maji ya moto.

Alirudi nyumbani na glavu, kofia pana, na kitenge cha mkewe, Hana, usoni. Dirisha la chumba lilikuwa limeshazibwa kwa blanketi. Makoye alilala chali, akatazama juu.

"Mama Gody, hili paa linaingiza jua."

Bati zilikuwa kuukuu, alizozibandua kwenye nyumba za wateja alipowawekea mpya, na kila tundu la msumari wa zamani lilipitisha mwanga.

"Nilikwambiaga uzibadilishe," Hana alisema.

"Nilikuwaga naezekea watu."

Shemeji yake Revocatus akaja kutoka Nyakato na kopo la lami, akapanda kuziba matundu. Kutoka kitandani Makoye alisikia bati zikibonyea.

"Akanyage penye misumari, ndipo penye mbao chini," alinong'ona. Sauti haikuweza zaidi ya hapo. Hana akatoka nje kumpazia sauti kaka yake.

Kisha maumivu yakaja. Mdomo ulivimba, nyama iliyokufa ikaoza na kunuka. Majirani walimsalimia wakiwa mlangoni, wakaondoka. Hana alikoroga uji mwepesi, akamsukutulisha kwa maji ya chumvi, akafua vitambaa, akaanza upya.

"Nimechoka kulala," Makoye alisema siku moja.

"Na mimi nimechoka kusimama."

Akaenda kukoroga uji mwingine.

Polepole ngozi ilizoea mwanga. Alianza kutoka jioni, baadaye asubuhi. Kidonda kilifunga, na akaweza kumeza ugali laini uliolowekwa mchuzi wa sato.

Waliporudi kliniki, daktari alisema chini ya ulimi ni safi, ila uvimbe wa shingo umepungua kidogo tu.

"Tunaweza kurudia tiba. Unasemaje, mzee?"

Makoye aligeuka. Hana alikuwa amesinzia kwenye benchi, mkoba kifuani, mdomo wazi.

"Ngoja aamke," alisema. "Hili si la kwangu peke yangu."

Daktari akaenda kwa mgonjwa mwingine. Hana alipoamka waliongea kidogo, kwa sauti ya chini. Wakamwambia daktari kwamba tiba watairudia, lakini kwanza waende nyumbani wakapumzike, wote wawili, mpaka mvua za vuli zianze.