Ndama ni Ng'ombe, Ila Zizi la Ndama ni la Ndama

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Jumatano iliyopita, mwenye duka lenye simu hapa Garsen alinigongea mlango. Mfugaji niliyefanya naye kazi ya orodha ya mifugo alikuwa amefariki alfajiri ile, upande wa Idsowe. Nilipofika, kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Nikawapa mkono wenyeji, nikarudi. Wasomaji wamenizoea nikiandika kuhusu mashine. Leo nitamwandika mtu aliyeisahihisha mashine yangu bila kuigusa.

Baada ya mafuriko, kikundi cha wafugaji kiliniomba niweke orodha ya ng'ombe wao kwenye kompyuta kuukuu iliyotumia umeme wa jenereta. Kuandika programu nimejifundisha mwenyewe, kwa kitabu kisicho na jalada. Lugha niliyotumia inakuruhusu kutaja aina moja, ng'ombe, kisha nyingine, ndama, inayorithi kila kilicho cha ng'ombe. Inakupa pia kiolezo cha orodha: unakiandika mara moja, kisha unasema ni orodha ya nini. Nikapata orodha ya ng'ombe na orodha ya ndama. Sehemu ya kuingiza mnyama mpya niliiandikia orodha ya ng'ombe. Nilipoipa orodha ya ndama, kompaila, ile programu inayokagua maandishi kabla hayajaanza kazi, ilikataa. Kwa siku tatu nilibishana nayo. Ndama si ng'ombe? Basi kwa nini orodha ya ndama isiwe orodha ya ng'ombe? Mwishowe niliandika amri ya kuilazimisha. Ikanyamaza, nami nikadhani imeelewa.

Ikaja siku ya chanjo ya ndama jike, chanjo ambayo ng'ombe mwenye mimba akidungwa, mimba yaweza kuharibika. Marehemu alisimama langoni, pale ng'ombe wanapopita mmoja mmoja. Mafuriko yalikuwa yamemwachia ng'ombe wachache wenye ndama na mitamba saba tu, majike ambao hawajazaa bado; mitamba hao wote walikuwa na mimba changa, wembamba kiasi kwamba mgeni asingejua.

"Namba kumi na nne," alisoma mchanjaji, akifuata karatasi yangu.

Marehemu hakuuondoa mti wa lango. "Hii iko na mimba."

"Mzee, karatasi inasema ndama."

"Basi dunga karatasi."

Mchanjaji akanitazama. Nilisema, na naona haya kuliandika, kwamba kompyuta haikosei.

"Fundi," marehemu akaniuliza, "kompyuta yako ilikuwa wapi huyu akipandwa?"

Watu walicheka mpaka mchanjaji akaweka sindano chini. Tukaipitia karatasi mstari kwa mstari. Mitamba wote saba walikuwa wameingizwa katika orodha ya ndama kama ng'ombe yeyote, na hakuna kilichowazuia, kwa kuwa kizuizi cha kompaila nilikuwa nimekiondoa mwenyewe.

Alasiri alinipeleka kwake, akanionyesha zizi dogo la miiba ambamo ndama hufungiwa mbali na mama zao.

"Hawa ni nini?"

"Ng'ombe," nikasema.

"Sawa. Hesabu kama ng'ombe, angalia kama ng'ombe, mimi sina neno. Lakini usilete ng'ombe yoyote ukatia hapa. Tia mama moja tu, hawa wanamaliza maziwa, na watoto wangu wanalala na chai ya rangi."

Kitabu changu kilikuwa na kurasa kumi na moja juu ya jambo hilo, nami nilikuwa nimezisoma zote. Nilifuta ile amri. Sehemu ya kuhesabu niliiandika upya ipokee orodha ya aina yoyote inayorithi ng'ombe, kwa sababu kuhesabu hakuingizi kitu ndani. Sehemu ya kuingiza nikaiachia kila orodha na aina yake. Kompaila haikulalamika tena.

Nimefanya kazi miaka mingi, na nimechoka kuona jinsi tunavyopenda kunyamazisha kinachotukataza. Ofisi za serikali hutuandika sote wakazi wa Tana, jambo ambalo ni kweli, kisha hugawa mbegu za mahindi kwa mtu asiye na shamba. Ninayaelewa makosa hayo. Niliyafanya kwa mkono wangu, nikiwa na uhakika. Kitu kinapokataa, siku hizi naacha kuandika na kuuliza kinalinda nini.

Mitamba wale walizaa wote. Ndama saba, kwa bei ya mnada wa Garsen wakati ule, shilingi elfu mbili na mia tano kila mmoja: shilingi elfu kumi na saba na mia tano.