Sahani Nne za Kuazima

Mjomba niliyefikia kwake Toronto aliniambia waziwazi kwamba sitaweza. "Ufinyanzi ni kazi ya bibi zetu," alisema. "Umevuka bahari kuja kusomea matope? Utarudi Tanga na kucha chafu." Wenzangu wa ghala la mizigo kule Malton walicheka zaidi. Kila nilipoingia zamu ya Jumamosi waliniuliza, "Fundi, chungu kimeiva?" Leo stashahada yangu ya ufinyanzi iko ukutani, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufanya nilichofanya mimi.

Mwalimu wetu alikuwa mama wa Kichina aliyekulia katika mji wa mafundi wa kauri. Alitufundisha jinsi wazee wao walivyochanganya udongo mweupe na jiwe lililosagwa, wakavichoma kwa moto mkali mpaka vikashikana kama kioo. Wazungu walihangaika karne nyingi kuipata siri hiyo ya kauri. Kwa mtihani wa mwisho, uliokuwa umebaki nusu mwaka, alitaka kila mwanafunzi aeleze historia hiyo akiwa na vyombo halisi mkononi. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Nikasema nitaleta sahani za Kichina zilizofika pwani yetu zamani.

Kwetu kila sahani ya kale yenye maua ya buluu huitwa ya Kichina, wala hakuna anayeuliza. Nilizunguka Scarborough, upande wa mashariki wa jiji, kwa akina mama wanne wa pwani, kila mmoja akaniazima sahani aliyorithi. Wa mwisho, bibi mmoja wa Unguja, alinipa sahani yake ya kombe, ambayo juu yake aya huandikwa kwa zafarani, zikaoshwa kwa maji ya waridi, mgonjwa akanywa.

"Mwanangu, hii haijawahi kulala nje."

"Usihofu, bibi. Hii ni mikono ya fundi."

Nikazifunga zote nne kwenye kanga moja, kama tunavyobeba vyombo vya shughuli. Niliposhuka basi mbele ya chuo nilikanyaga barafu, nikaanguka juu ya furushi. Haikupona hata moja.

Mwalimu hakunifokea. Aliniambia nilambe kingo za vigae. Vigae vya sahani tatu vilinata kwenye ulimi, kwa sababu udongo wake ulikuwa unanyonya maji. "Hizi ni za Ulaya," alisema. "Waliiga zetu." Kigae cha sahani ya kombe peke yake kiliteleza kama kioo, cheupe mpaka ndani; hiyo tu ndiyo ilikuwa kauri ya kweli.

Nikamrudia bibi mikono mitupu. Akanishika viganja, akavigeuza. "Ulisema una mikono ya fundi. Haya, tuione." Hapo nikaapa kwamba wote wanne nitawalipa kauri ya kweli, na sitapanda ndege kurudi nyumbani kabla ya hapo.

Udongo ule mweupe ni mkaidi. Sahani za kwanza zilipinda tanurini, za pili zikapasuka, za tatu zikatoka na malengelenge. Mjomba akaniuliza kama nimeanza kupika maandazi. Mara ya nne nilifungua tanuri, nikagonga ukingo kwa ukucha, na sahani ikalia kama kengele. Wazungu walihitaji karne; mimi nilihitaji miezi mitano.

Siku ya mtihani nilipanga vigae mezani kando ya sahani zangu, nikawaambia watahini walambe. Wakalamba, wote watatu. Nilipata alama za juu kuliko darasa zima.

Jumamosi iliyofuata sikwenda zamu. Nilipanda basi na maboksi manne, kila sahani ndani ya boksi lake. Kwa akina mama watatu nilisema ukweli: "Shangazi, uliniazima ya Ulaya, nakulipa kauri." Mmoja akanivuta ndani haraka. "Sema polepole! Wifi yangu yuko jikoni, na nimemringia miaka yote kwamba ni ya Uchina."

Bibi wa Unguja aliinua yake dirishani. "Naviona vidole vyangu kwa upande wa pili," alisema. Akaigonga kwa pete, akasikiliza mpaka sauti ikaisha. "Ya Uchina hii?"

"Ya mtoto wa Tanga, bibi."

"Majivuno hayo!" Lakini alikuwa anacheka. Akaiosha kwa maji ya waridi, akaiweka kabatini, akafunga mlango. Sikuwa tena na deni la mtu Scarborough nzima. Jumatatu nikakata tiketi ya ndege.